Senti Kumi za Paa la Bertilla

Bertilla hakuitikia shikamoo ya Loth. Alimpita mlangoni, kanga ikiwa bado imelowa mvua ya njiani, akaingia hadi sebuleni walipokaa wageni wawili. Mezani, chini ya kioo, akaziona: sarafu za senti kumi za mkoloni, zenye tundu katikati, kumi na sita, zimesuguliwa hadi zinang'aa.

"Hizo ni za paa langu," akawaambia wageni.

Hasira hiyo alitoka nayo kijijini kwake, Mpui. Nyumba aliiezeka marehemu mumewe, Teodori, na kwa kuwa wosha, vile visahani vya chini ya kichwa cha msumari, hazikupatikana siku hizo, misumari aliipitisha kwenye senti za zamani zilizokwisha kukataliwa madukani. Miaka karibu hamsini upepo wa Ufipa, ule usio na adabu, haukung'oa bati hata moja. Mwezi wa kumi akaja huyu Loth, mwalimu mstaafu anayekusanya sarafu za kale, ulimi umejaa asali. Akapanda ngazi, akazichomoa senti, akaweka vipande vya ndala. "Ni vilevile, mama," akasema. Mjinga gani anaezeka nyumba kwa ndala? Na mjinga gani anakubali? Bertilla alikubali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mvua ya kwanza ilikuja na upepo, mabati mawili yakaruka, mbegu ya ulezi iliyokuwa darini ikalowa yote. Sasa imeota, imekuwa kimea. Ni ya kupikia pombe, si ya kupanda.

"Nitakununulia mbegu nyingine," Loth akasema.

"Ile nilipewa na mama yangu. Utainunua duka gani?"

"Mama, nielewe. Hizi ni historia."

"Hata juu ya nyumba yangu zilikuwa historia. Na mimi nilikuwa nalala pakavu. Chukua nyundo, twende."

Loth akawatazama wageni wake. Wao wakatazama sakafu. Akafungua kioo.

Walipofika Mpui, Loth alipanda paani mwenyewe, na shati lake la kutokea. Kumi na tano zikarudi, moja moja, huku anauma meno. Ya mwisho akaing'ang'ania kiganjani. Ilikuwa ya mwaka 1936, ya yule mfalme wa Uingereza ambaye hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, na Loth alikuwa ameitafuta miaka ishirini.

"Mama, hii moja tu. Nyundo itaiharibu."

Bertilla alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili. Wingu lilikwisha kuwa jeusi.

"Piga," akasema.