Nyumba Tuliyoificha

Nyumba ya mdogo wangu Cecilia niliivunja mimi, wala sikutumwa na Mjerumani. Naanza na hilo asije mtu akanipamba.

Wakati ule Boma la Morogoro lilitoza kodi kwa kila nyumba, na asiyelipa alipelekwa kubeba mataruma ya reli. Mume wa Cecilia alifia kwenye kazi hiyo hiyo huko Kingolwira, akamwachia watoto watatu na kibanda cha nyasi ubavuni mwa changu. Kodi ya vibanda viwili tungeitoa wapi? Basi mimi nikajiona mjanja. Tulikibomoa chake, miti tukaifanya kuni, mafiga yake matatu tukayasukuma uvunguni mwa kitanda changu. Alipokuja Abasi, karani wa Boma, kuhesabu nyumba, nilimwapia kwa jina la Bikira Maria kwamba pale pana nyumba moja tu.

"Na mama huyu?" akauliza.

"Mgeni wangu, katoka Mgeta."

"Mimi mgeni tu, bwana," Cecilia akaitikia, kainamisha kichwa kwa adabu.

Abasi alipoondoka tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mtaa mzima ulifanya kama sisi. Mwaka ule Morogoro ilijaa wageni.

Mwaka uliofuata ikatoka amri kwamba vibanda vyote vya nyasi karibu na stesheni, changu kikiwemo, vivunjwe, yajengwe maghala. Boma likasema halitaki kuona mtu akilala nje. Kila nyumba iliyomo kitabuni mwa Abasi ingepewa kiwanja ng'ambo ya mto, na miti ya kujengea bure. Lakini watu wasirundikane: mgeni asizidi siku saba, na atakayekutwa hana kwake apelekwe mashamba ya mkonge.

Nilikwenda kwa Abasi mbio. "Nyumba zetu ni mbili, bwana. Yangu na ya mdogo wangu."

Akafunua kitabu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi, maana sikupata wa kumtukana.

"Hapa ni moja, Scholastika. Uliniapia."

"Nilidanganya."

"Nikiandika hivyo mtafungwa wote wawili. Si ana kwao Mgeta?"

Mgeta hatukuwa na mtu. Njaa iliwamaliza wote tukiwa wadogo. Nikapiga magoti, nikamwomba kiwanja changu ampe Cecilia, yeye mwenye watoto. Akasema jina lililoandikwa ndilo linalopewa, akamwita mwingine.

Nyumba mpya tuliijenga pamoja. Cecilia ndiye aliyekandika udongo, akalainisha kuta kwa viganja vyake kama vile atakaa humo mpaka uzee. Siku saba zikaisha.

Ya nane, asubuhi, askari akasimama mlangoni. "Huyu nani?"

Nilifumbua mdomo. Nilitaka kusema ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, hapa ni kwake. Nikaiona bunduki, nikaikumbuka jela, nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza.

"Mimi mgeni tu, bwana," akasema Cecilia. "Naondoka."

Akainama uvunguni mwa kitanda changu, akayatoa mafiga yake, akawatwika watoto, kila mmoja figa lake. Wakatoka wakifuatana.

Sijui waliyatua wapi.