Vitu vya Muhimu Tu

Mchana wa juzi Zamoyoni, mwanamke fundi cherehani wa mtaa wa Bondeni, aliota mto umekuja kumpigia hodi.

Alilala akiwa amechoka kubishana na mama mkwe wake, Bi Sikudhani. Asubuhi kamati ya maafa ya mtaa ilikuwa imepita na kipaza sauti: mvua kubwa imenyesha milimani, watu wahamie shuleni kule juu, wabebe vitu vya muhimu tu, na mtu yeyote asivuke maji yanayotembea. Bi Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe nenda. Mimi nalinda nyumba." Zamoyoni akabembeleza, akakasirika, akaenda kujilaza mkekani.

Basi mto ukapiga hodi. Ulikuwa mrefu, wa rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa umevua viatu mlangoni.

"Karibu," akasema Zamoyoni. "Una shida gani?"

"Napita tu. Njia yangu ya zamani ni hapa jikoni kwako. Nimeona nitangulie kuwaarifu, nisije nikaonekana sina adabu."

"Unapita saa ngapi?"

"Mkishatoa vitu vya muhimu. Si mmelisikia tangazo?"

Vitu navyo vimelisikia. Vinapanga foleni sebuleni. Cherehani iko mbele kabisa. "Mimi ndiye ninayewalisha humu ndani," inasema, na mto unaipisha. Godoro linaeleza kwamba hakuna aliyelala na familia hii zaidi yake. Kabati la vyombo linalia. Ndoo ya chooni inasema huko shuleni watu wataikumbuka kabla ya kitu kingine chochote, na hakuna anayebisha.

Mwisho wa foleni, nyuma ya kinu, amesimama Bi Sikudhani.

"Na wewe?" mto unauliza.

"Mimi si wa muhimu," anajibu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Magoti haya hayapandi mlima. Nikibebwa mimi, kitaachwa kitu chenye kazi. Niweke kwenye vya kubaki."

Kumbe mama hakuwa analinda nyumba.

Zamoyoni anamfuata, lakini sebule imekwisha kuwa barabara ya shuleni, na katikati yao yanapita maji. Yana miguu mingi, yote imekunjiwa suruali.

"Mnatembea?" anayauliza.

"Tunatembea."

"Basi siruhusiwi kuvuka. Simameni kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimchukue mama."

Maji yanatazamana, yanasimama. "Fanya haraka, dada," yanasema. "Tukisimama sana tunajaa."

Yanajaa kweli. Yanafika magotini, yanafika kiunoni. Zamoyoni anamkumbatia Bi Sikudhani mbavuni na kumnyanyua, naye anapiga mateke.

"Niteremshe! Cherehani itaachwa!"

"Iachwe."

"Utakula nini?"

"Mama, tulia, utatuangusha."

Cherehani, kando ya barabara, inasema imesikia. Haina kinyongo. Inajifunika kitambaa chake yenyewe, na maji yanaanza kutembea tena.

Zamoyoni akazinduka. Jua lilikuwa linawaka, na Bondeni yote ilikuwa kavu. Cherehani ilikuwa pale pale dirishani.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mfuko wa nguo mapajani. Kanga yake ilikuwa imelowa chapachapa mpaka kiunoni, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakidondoka kwenye sakafu kavu.

"Umeamka?" akauliza, huku akijisugua ubavu. "Haya, twende. Ila safari hii nibebe mgongoni. Mbavu zinaniuma."

Zamoyoni alichuchumaa mbele ya kigoda, akampa mgongo.