Nani Atamchinja Fahali?

Asubuhi ya harusi ya Wariara, mwaka wa 1959, fahali alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba huko Lanet, maji yanachemka, na wazee wawili wameshaanza kugombania kichwa chake. Mama wa bibi harusi, Wamaitha, alikuwa mbio huku na huko, furaha imemjaa hadi anamwaga unga. Mara akamwona mumewe, Hiram, ananoa kisu.

"Baba Wariara, si tulisema Rajabu ndiye atachinja?"

"Nyama ya kusomewa dua ingine haiingii kwa mdomo yangu."

Hiram alikuwa mzee wa kanisa, na akisema amesema.

Jikoni, mke wa Rajabu, Zaituni, Mwislamu kama mumewe, Mnubi wa mtaa wa Bondeni, alikuwa amekunja mikono ya gauni anakaanga vitunguu. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, Hiram alipokuwa kizuizini, sufuria ya Zaituni ndiyo iliyomlisha Wariara. Fahali akichinjwa na Hiram, Zaituni hataonja hata mchuzi katika harusi ya mtoto aliyemlea. Naye alikuwa amesikia yote.

"Wacha tu, Mama Wariara," alisema, akijikaza kucheka. "Mimi chai inanitosha."

Chai! Wamaitha alipandwa na hasira hata akasahau wageni. Akaingia ndani, akatoka na Biblia. Kusoma alikuwa amejifunza mwaka uleule, kwenye darasa la akina mama, na kidole chake kilifuata mstari polepole.

"Paulo anasema, kitu inauzwa sokoni kula tu, usiulize-ulize."

"Ndiyo hiyo! Mimi nanunua sokoni, na siulizi," Hiram alijibu kwa ushindi.

"Basi leo nauliza mimi. Nyama ya Krismasi ulinunua wapi?"

"Soko ya Nakuru."

"Na nani anachinja huko?"

Hiram akageuka kumtazama Rajabu. Rajabu, aliyekuwa amesimama kando, aliinama ghafla, akajifanya anafunga kamba za kiatu.

"Miaka yote umekula dua ya Rajabu," Wamaitha alisema, "na bado unahubiri mpaka mabati inatetemeka!"

Wageni wakaangua kicheko. Hiram alijaribu kununa, ikashindikana. Mabega yakaanza kutikisika. Akampa Rajabu kisu, akavua koti lake la harusi, akashika miguu ya nyuma ya fahali yeye mwenyewe.

Mchana Zaituni alichagua mnofu mkubwa kuliko yote, akatafuna macho ameyafumba, kisha akaomba chumvi. Wamaitha aliikimbilia chumvi huku analia kwa furaha, na hata leo hakumbuki kama yeye mwenyewe alikula.