Njiti Isiyo na Kichwa

...na huyu mwalimu naye hanyamazi, tangu tuingie kwenye uwanja huu wa shule yuko nyuma ya shingo yangu akimfundisha mjukuu wake anayepiga kura mara ya kwanza, kana kwamba foleni ni darasa, "Stacy, hii neno kura tulitoa kwa Waarabu, na zamani haikuwa mambo ya kuchagua, watu walikuwa wanaokota tu, yenye imekuangukia ni yako," na msichana anacheka, "Kumbe ni lottery, guka?"... cheka tu, mwanangu, hilo mimi sihitaji kufundishwa, hivyo ndivyo tulivyopiga kura nyumbani kwangu hapa Riruta, njiti za kiberiti ngumini mwangu, moja nimeivunja kichwa, atakayeitoa ndiye atakayeosha vyombo, na binti yangu Jacklyne alikuwa akichungulia, mwizi yule, lakini kaka yake Obuya alifumba macho kabisa, mjinga wangu, mpole wangu... nisilie hapa, watu wataniona... uchaguzi uliopita, siku ya matokeo, unga umeisha, barabarani moshi, duka la Waceke limefunguliwa nusu mlango, nani aende, nikashika njiti kama kawaida, Obuya akaitoa ile isiyo na kichwa, akacheka, "Mathe, kura imeniangukia kama Yona, weka maji ya ugali," nikaweka maji, yakachemka, mlio niliusikia nikadhani ni bati limeanguka, maji yakakauka, sufuria ikaungua... Yona alitapikwa, wangu hakutapikwa. Kazi ya Mungu haina makosa, wakaniambia matangani, nami nikaitikia, kura ilimwangukia, ndivyo ninavyomjibu kila anayeuliza, na kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa, siku ya kuokota karatasi za zamu, sitii mkono kwenye bakuli, mwenzangu Selpher huniokotea, mkono wangu nauogopa, ndio ulioshika njiti... "Lakini guka, hapa si ni kuchagua?" "Hapa unachagua. Hapa huwezi sema imeniangukia"... ananiambia mimi? hapana, hajui hata jina langu, anasema na mtoto wake... huwezi sema imeniangukia... ngoja, Caren, ngoja, njiti ilimtuma dukani, basi, ilisema nenda ulete unga, haikusema zaidi, na pale nje ya duka hakuna aliyeokota kitu, kulikuwa na mtu ana bunduki na ana macho, akamwona kijana amekumbatia pakiti ya unga, mchana kweupe, akainua, akalenga, huyo hakufumba macho, huyo alichagua, na miaka hii yote nimembebea mzigo wake, nikiuchoka namtwika Mungu... "Mama, samahani, laini imesonga?" Haijasonga, mwalimu, namjibu, na kweli haijasonga, mwanamke wa mbele yangu bado ana mwavuli uleule wa maua, jua ni lilelile, na mkono wangu, nautazama, ni mkono tu, una kovu la ile sufuria.