Mipira ya Juu

Mpira ulishuka kutoka juu, ukampiga Jaspal kifuani, ukaanguka majanini. Maureen akairudisha video nyuma. Mpira ukapaa kinyumenyume hadi mkononi mwa aliyeurusha, kisha ukashuka upya na kumpiga kijana yuleyule kifua kilekile. Nje, mvua ya Barking, mashariki mwa London, ilinyesha ile namna yake isiyo na haya, isiyozidi wala isiyokoma. Chai ilikuwa imepoa mezani hadi ikaweka utando. Tangu asubuhi Maureen alikuwa akilitazama tukio hilo moja, kama mtu anayepitisha kanga mbele ya dirisha kwa kuwa anajua pana tundu mahali.

Kazi yake ndiyo hiyo: kuwapima vijana wanaocheza mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka na kugongana, na kuiambia klabu moja kule Marekani nani anafaa na nani hafai. Kila mwaka klabu za huko hukutana kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu, na anayeachwa katika uchaguzi huo mara nyingi huwa ameachwa moja kwa moja. Uchaguzi ulikuwa wiki ijayo. Jaspal alikuwa mwana wa papa hapa Barking, mjukuu wa Masingasinga waliohamia kutoka Nakuru, na chuoni kwake Marekani alicheza nafasi wanayoiita tait-endi. Tait-endi hutakiwa kuwa watu wawili ndani ya jezi moja. Mara awe ukuta wa kuwazuia majabali wasimfikie mrushaji wake, mara achomoke mbio akadake mpira kama kwamba hajawahi kuwa ukuta maishani mwake.

Kwa ukuta, Jaspal hakuwa na mpinzani. Mpira wa kifuani aliupokea kama anayepokea mkate wa moto, kwa upole na bila kuuangusha. Ila mipira ya juu, ile inayoshuka kupitia begani, ilimpotea yote. Wapimaji wa klabu nyingine walikwisha kata shauri kwamba kijana ana mikono mibovu, wakaendelea na wengine.

Maureen hakuwa na wengine. Vijana wawili aliowasifu miaka iliyopita walirudishwa makwao kabla hata msimu haujaanza. Asubuhi hiyo bosi wake, Tom, alimpigia simu kutoka Marekani, wala hakufoka, afadhali angefoka. Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa kwamba huyu naye akiwa kama wale, klabu haitaona tena haja ya kuwa na mtu London. Kibali cha Maureen cha kuishi katika nchi hii kilishikiliwa na kazi hiyo, na bintiye alikuwa anajiandaa kwa mitihani ya shule bila kujua lolote. Mfa maji haachi kutapatapa. Maureen akairudisha video tena.

Sijui kilichomfanya aache kuitazama mikono. Labda ni kuchoka tu. Macho yake yaliteleza yakapanda, akakiona kichwa. Jaspal alipoinua uso kuufuata mpira, helmeti yake haikuinuka naye. Ilishuka. Ilisukumwa kutoka nyuma, ikamwangukia kwenye nyusi kama kofia ya mlevi. Maureen akafungua mechi nyingine, kisha nyingine. Kila mpira wa juu, helmeti ilishuka vilevile. Mikono ya kijana ilikuwa ikimngojea mgeni ambaye macho hayajamwona akija.

Nywele. Kisogoni, chini ya helmeti, palikuwa na fundo la nywele ambazo hazikupata kuguswa na mkasi tangu azaliwe, kwa kuwa ndivyo imani yao inavyowataka. Akirudisha kichwa nyuma, fundo lile liligonga ukingo wa helmeti na kuisukuma mbele. Maureen alicheka peke yake chumbani, akachukua koti, akatoka mvuani bila mwavuli.

Nyumbani kwa akina Jaspal, ambako kijana alirudi kuungojea uchaguzi, alifunguliwa na Bibi Harbans, nyanya wa kijana, kikongwe mwembamba aliyezaliwa Nakuru na kukisema Kiswahili kama aliyefika London juzi. Maureen alianza kueleza haja yake palepale kizingitini. Bibi akamshika mkono.

"Watu wa Nakuru hawaongei mlangoni," alisema. "Ingia, kula kwanza."

Akala chapati na dengu, na kwa kila tonge alizidi kutamani kusema. Jaspal alikaa mbele yake, mwili mkubwa uliokunjwa kwenye kiti kidogo, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Alikielewa Kiswahili chote ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa London. Alieleza bila kumtazama mtu kwamba msimu mzima alikuwa akibaki uwanjani baada ya wenzake kuondoka, akidaka mpaka vidole vikachubuka, na kwamba amefika mahali anaichukia mikono yake. Hakuna kazi nyingine anayoijua. Alipoulizwa kwa nini hakuomba helmeti nyingine, alisema kwamba hata ile aliyopewa ilileta maneno mengi, na hakutaka nywele zake zijadiliwe tena na watu.

Maureen akamwambia aivae hiyo aliyorudi nayo kutoka chuoni, atazame taa ya darini. Jaspal akaivaa, akainua uso. Helmeti ikamshukia. Taa hakuiona.

"Si mikono," Maureen alisema. "Ni nywele."

Kijana hakuivua helmeti. "Kwa hiyo kama si nywele, Anti, ningeuona mpira?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ungeuona."

Lilikuwa jibu la kweli, na Maureen aliishi kwa majibu ya kweli. Bibi Harbans alinyoosha mkono akamvua mjukuu wake helmeti na kukitengeneza kile kitambaa kilichokwenda upande.

"Hii nywele nimechana mimi tangu akiwa mchanga, kila Jumapili," alisema. "Haijamkosea mtu."

Wote wakacheka, hata Jaspal kidogo. Maureen alikuwa amekwisha waza dawa. Rafiki yake Deus, Mtanzania aliyekuwa mrushaji wa timu moja ya ridhaa pale Tottenham, angeweza kumtafutia helmeti kubwa zaidi, itolewe sponji za juu, fundo lihamie utosini likae kwa nafasi. Ila ujumbe aliomtumia Deus akiwa njiani ulikuwa bado haujajibiwa, na mama yake Maureen alimlea kwa neno moja: usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Ahadi ni deni, naye hakutaka kumpa kijana aliyevunjika moyo ahadi ambayo kesho ingemvunja tena. Akaagana nao akisema tu kwamba wakutane kesho asubuhi bustanini, na Jaspal aje na helmeti yake. Njiani kurudi alijiona ametenda kwa busara.

Deus aliipata. Jumapili asubuhi yeye na Maureen walishuka garini, helmeti kubwa ikiwa ndani ya mfuko wa michezo begani mwa Deus. Mvua ilikuwa imekatika. Jaspal alikwisha fika, amevaa helmeti yake ya zamani, anakimbia kutoka mti hadi mti kupasha mwili moto. Maureen akamnong'oneza Deus auache mfuko umefungwa kwanza. Apimaye hupima mara mbili: alitaka kumrekodi kijana akiikosa mipira kwa helmeti ya zamani, kisha akiidaka kwa ile kubwa, ili Tom auone ukweli kwa macho yake na asibaki na la kusema. Akawasha kamera ya simu.

Deus akarusha. Mpira ulipanda, ukakaa angani, ukaanza kushuka nyuma ya bega la Jaspal. Jaspal akainua uso, akaudaka.

Akaudaka wa pili, na wa tatu akaudaka kwa vidole akiwa bado mbioni. Deus alirusha mbali zaidi, akarusha vibaya kwa makusudi, na kila mpira ulikuta mikono imefika kabla yake. Kwanza Maureen alichanganyikiwa, akadhani alikosea kila kitu jana. Kisha furaha ikamzidi akili. Video aliyoitafuta ilikuwa mkononi mwake. Akaituma Marekani palepale, hata kabla kijana hajarudi walipo.

Jaspal alikuja akihema, akaivua helmeti.

Kichwa kilikuwa kidogo kuliko Maureen alivyokijua. Nywele zilikatwa ovyo, hapa fupi, pale zimebaki kishungi, kazi ya mtu aliyejikata mwenyewe mbele ya kioo na mkasi wa jikoni. Ngozi ya shingo ilikuwa nyeupe pale ambapo jua halikuwahi kufika. Alitabasamu kama anayeomba radhi.

"Niliiona yote, Anti," alisema, na hilo lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili Maureen kulisikia kinywani mwake.

Maureen akauliza, "Bibi anajua?"

"Bado." Kijana aliuangalia mpira mikononi mwake. Kiswahili kilimtoka polepole, kipandekipande, Kiswahili cha nyanya yake. "Leo Jumapili. Ameshapasha mafuta ya nywele. Ananingoja."

Miaka yote Maureen aliwatazama vijana hawa kwa vipande, mkono, bega, goti, na jana, kwa mara ya kwanza, alijivunia kuona kichwa. Deus alikuwa amegeukia miti. Katika kugeuka kwake mfuko aliokuwa ameuchukua tena uliteleza begani, ukaanguka majanini, na zipu ikafunguka. Helmeti ikaonekana.

"Hiyo ni ya nani?" Jaspal aliuliza.

Akainama, akaitoa, akaigeuza huku na huku. Akaingiza mkono ndani, mahali sponji zilipotolewa, akapapasa ile nafasi iliyoachwa utosini. Maureen alimwona akielewa. Alitaka kumzuia asiivae, lakini kijana alikwisha ivaa.

Ilimzunguka kichwani kama sufuria. Alipoinua uso kutazama juu, ilimshukia mpaka puani, ikamfunika macho yote mawili. Akasimama hivyo, mikono imening'inia, wala hakuivua.

Simu ikaita mkononi mwa Maureen. Ilikuwa Tom. Bintiye na mitihani yake, kibali, chumba chenye dirisha la mvua, vyote vilikuwa ndani ya mlio huo. Maureen aliiacha iite, akamsogelea kijana, akaiinua helmeti taratibu kwa mikono miwili. Jaspal alikuwa amefumba macho.