Nikaribishe Mara ya Tatu

Daktari aliniuliza mara mbili kama nataka kupasuliwa, nami nikakataa mara mbili, kama nilivyolelewa. Kisha nikangoja ya tatu. Haikuja. Alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa huko pwani ya mashariki ya Marekani, na alikunja mikono yake juu ya meza akasema anauheshimu uamuzi wangu. Nikibadili mawazo nipige simu kabla ya Ijumaa jioni, kwa sababu baada ya hapo anakwenda likizo, na kitu kilichoota kwenye kongosho langu hakitamsubiri arudi. Nikamshukuru. Nikamwomba radhi kwa usumbufu. Nilikuwa nimekaa pale na mkoba magotini, roho yote inapiga kelele niulize tena, we kijana, niulize tena, huku usoni natabasamu kama mtu anayeaga kanisani.

Mtu wa kwetu angeelewa. Hapa Minnesota ukikaribishwa kahawa unasema hapana, asante, sitaki kukusumbua. Ukikaribishwa tena unasema aa, hata nyumbani nimekunywa. Karibu ya tatu ndiyo yenyewe: hapo unasema haya, basi, kidogo tu, kama ipo tayari, halafu unamaliza birika. Anayekubali mara ya kwanza tunamsema mpaka anazikwa. Mjomba wangu Palmer alikubali keki mara ya kwanza kwenye msiba, mimi sijazaliwa, na mpaka leo jamaa hawamtaji Palmer bila kuitaja ile keki.

Lowell alikuwepo chumbani siku ile. Lowell ni mume wangu, mkulima wa mahindi, amezaliwa shamba la pili kutoka kwetu na amelelewa na mama mwenye adabu kali kuliko wangu. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, kofia mkononi, akiikagua kofia kana kwamba anataka kuinunua. Nikajiambia, sawa, daktari ni mgeni, atajuaje. Lowell ndiye atakayeuliza ya tatu. Garini hakuuliza. Mezani hakuuliza. Asubuhi yake aliweka kikombe chini akasema, "Ardis, twende barabara ya ziwa."

"Sasa hivi? Na mahindi?"

"Mahindi yanajua kuota yenyewe."

Tangu tuoane nimeiomba safari ile, na kila kiangazi palikuwa na nyasi za kukata, au ng'ombe anayezaa, au trekta limegoma. Leo ameitoa mwenyewe, bila kuombwa. Nilijua hapo hapo kwamba ananiaga. Niliingia bafuni, nikafungulia maji yote, nikalia mpaka yakawa ya baridi.

Basi tukaenda. Tulishika barabara inayopanda kutoka Duluth kuelekea kaskazini, ziwa mkono wa kulia, misonobari mkono wa kushoto, na Lowell akaanza kunifurahisha. Alinifurahisha mpaka nikatamani kumpiga. Mtu ambaye hasimami njiani hata mkojo ukimbana, sasa anasimama kila penye benchi. Alinunua jemu kwa bibi aliyekuwa anauza nyuma ya pikapu. Alinunua samaki wa kukaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye gazeti, tukawala kwa vidole juu ya boneti, mafuta yanatiririka hadi kwenye viwiko.

"Chukua hiki kipande cha tumboni," akasema.

"Aa, kula wewe."

"Chukua bwana, kingali cha moto."

"Nimeshiba, mzee."

"Ardis, chukua, nisile peke yangu kama mbwa."

"Haya, basi. Kidogo."

Unaona? Mara tatu, kwa ajili ya samaki. Mara tatu kama nataka dirisha lifunguliwe. Mara tatu kama nataka sweta. Hilo ndilo lililokuwa linanimaliza. Adabu yake ilikuwa nzima kabisa, haikupungukiwa na kitu, ila palipokuwa na uhai wangu.

Mtasema, mbona hukusema mwenyewe? Nilisema! Nilisema kwa namna yetu. Tukiwa tunacheza karata kwenye moteli nilimwambia, "Nasikia dada yake jirani yetu Norma alipasuliwa majuzi. Sasa anacheza dansi."

"Hm," akasema Lowell.

"Tena ana miaka mingi kunipita."

"Hm. Zamu yako."

Hm ya Lowell nimeishi nayo miaka mingi, na ninaijua inapokuwa ya njaa, ya hasira, ya mvua. Hii sikuijua. Nikacheza zamu yangu, nikashinda, akanipongeza kama mtoto mdogo. Alikuwa ananiachia nishinde. Lowell, ambaye hajapata kumwachia ushindi hata mchungaji.

Alhamisi tulishuka ufukweni kutafuta akiki. Ni mawe mekundu, madogo, yenye mistari, na kuyapata inabidi utembee umeinama na jua likiwa mbele yako ili liwake ndani yake. Maji ya ziwa lile hata Julai yanakata mifupa. Lowell alivua viatu, akakunja suruali, akaingia akiguna "oi oi oi" kwa kila hatua, na miguu yake myeupe kama maziwa, nikacheka mpaka ubavu ukaniuma pale penye ugonjwa. Alirudi na akiki moja, ndogo kama harage, akanitilia kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa mkono wake.

Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Samaki, karata, miguu ya yule mzee majini. Na kila furaha ilikuwa inanikaba, kwa sababu nilikuwa naitaka tena. Nilitaka kiangazi kijacho. Nilitaka kugombana naye juu ya trekta. Sikuwa tayari kufa, hata kidogo, na nilikuwa nakufa kwa adabu.

"Unawaza nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu."

Na yeye, kwa vile aliuliza mara moja tu, akaamini.

Ijumaa mchana tulikula mjini Grand Marais, kwenye mkahawa mdogo ulioangalia bandari. Sikuwa nimelala. Kila nilipoangalia saa ya ukutani nilihesabu muda uliobaki kabla ya jioni. Nikajikaza kisabuni, nikala supu. Mhudumu akaja, binti mnene mwenye mashavu mekundu, akakusanya mabakuli.

"Pai, mama?"

"Hapana, asante."

"Leo ni ya stroberi. Imetoka jikoni sasa hivi."

"Inanukia vizuri kweli. Lakini hapana, usijisumbue."

Akafungua mdomo. Niliuona unafunguka. Mtu wa meza ya nyuma akamwita akitaka kahawa, binti akageuka, akaenda.

Machozi yakanitoka pale pale. Sikuweza kuyazuia. Nilikaa na kitambaa cha mezani usoni, mabega yanatikisika, na Lowell akashika ukingo wa meza.

"Ni nini? Unaumwa? Ngoja nimwite, nitamwambia unaitaka."

"Si pai, Lowell!"

Nilipiga kelele. Mkahawa mzima ulinyamaza, hata vijiko. Kwetu mtu hapigi kelele mkahawani, hata nyumba ikiungua. Anauliza kama kuna mwingine aliyesikia moshi. Lowell alisimama, akanishika kiwiko, akanitoa nje hadi kwenye gari, akafunga mlango wangu taratibu, akazunguka, akaingia upande wake. Hakuwasha gari.

"Niulize," nikasema.

"Nikuulize nini?"

"Usijifanye hujui. Umeniuliza mara tatu kuhusu dirisha. Mara tatu kuhusu jemu, Lowell, jemu! Na maisha yangu hujayauliza hata mara moja. Umenileta huku unilishe samaki unizike. Kwani umenichoka?"

Uso wake ulikuwa umepauka.

"Unamkumbuka mama," akasema.

Nani angemsahau mama mkwe wangu? Alikufa hospitali, kwenye upasuaji wa moyo, mwaka wa pili wa ndoa yetu.

"Daktari alimwuliza, akasema hapana. Akamwuliza tena, hapana. Mimi ndiye niliyemfuata wodini nikamwuliza ya tatu. Akaniangalia, akasema, haya basi, kama haitakusumbua." Akashika usukani kwa mikono miwili. "Hakutoka mle, Ardis. Yeye alikuwa hataki kweli. Nilimwuliza kwa adabu, naye akanikubalia kwa adabu, akafa. Sikukwambia kwa sababu ningesemaje? Nikaapa sitamwuliza mtu ya tatu tena kwa jambo kama hilo. Nilijua nikikuuliza utakubali kwa ajili yangu."

Miaka yote ile. Nilimwona akikubali keki kwa karibu ya tatu, akikaribisha watu kahawa mara ya tatu, na sikujua alichokuwa amekibeba. Nilimhurumia mpaka nikasahau hasira, halafu nikaiangalia saa ya garini na hasira ikarudi.

"Mimi si mama yako," nikasema. "Niulize."

Akageuka kwenye kiti akanitazama. "Ardis. Unataka kupasuliwa?"

Na mdomoni mwangu, Mungu anisamehe, yakatoka maneno haya: "Aa, sitaki kukusumbua."

Lowell alifumba macho kama aliyepigwa. Nilijiona mjinga kuliko wajinga wote. Nikapiga dashibodi kwa ngumi mbili.

"Hilo halihesabiki! Ni mdomo tu, umezoea. Endelea. Uliza tena."

"Unataka kupasuliwa, mke wangu?"

"Nataka," nikasema. "Naogopa kufa, Lowell. Nataka sana. Nataka hata nikifia humo humo."

Akawasha gari.

Simu yake haikuwa na mtandao. Yangu ilikuwa imezima tangu asubuhi. Tungeweza kurudi mkahawani kuomba ya kwao. Lakini baada ya zile kelele hakuna hata mmoja wetu aliyelipendekeza wazo hilo, na hilo nalo nitalijutia nikipata muda wa kujuta. Lowell akakanyaga mafuta kuelekea kusini. Mtu huyu hajavunja sheria ya mwendo tangu apewe leseni, hata siku ya kuzaliwa binti yetu. Sasa misonobari ilikuwa inatupita kama nyasi. Tukapita benchi letu. Tukapita pikapu ya jemu, yule bibi akatupungia mkono, na Lowell, hata katika haraka ile, akainua kidole kimoja juu ya usukani kumwitikia. Mimi nilishika simu yake juu, karibu na kioo, nikiangalia zile alama za mtandao, naomba Mungu waziwazi, kwa sauti, bila kuanza na asante kwanza.

Mtandao ulikuja kwenye kituo cha mafuta penye duka la aiskrimu. Nikapiga nikiwa nimesimama. Akapokea nesi.

"Ninaitwa Ardis Tveit," nikasema. "Nilikataa. Sasa nataka."

"Ooh, mama Tveit." Nikasikia anavuta kiti. "Ile nafasi tuliyokuwa tumekushikia tumempa mtu mwingine jana, mama, kwa vile ulikataa. Tungejua..."

"Mwambie daktari nataka."

"Ndiyo kwanza ametoka. Nitamfukuzia kwenye simu yake, kabla hajapanda ndege. Labda kuna mwenzake atakayekuchukua. Lakini siwezi kuahidi, mama. Una hakika kweli? Maana nikimsumbua..."

"Msumbue," nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Halijapata kutumiwa katika ukoo wetu.

Akasema atanipigia. Nikakaa kwenye benchi la mbao nje ya duka, simu juu ya mapaja, kioo chake juu ili nikione kikiwaka. Lowell alisimama, akakaa, akasimama tena, hajui afanye nini na mikono yake. Kisha akaingia dukani. Ziwa lilikuwa mbele yangu, tulivu kabisa, na familia moja ilikuwa inatupa mawe majini na kushangilia. Niliwaonea wivu wote, hadi mbwa wao.

Lowell akatoka na koni mbili za aiskrimu ya vanila. Akaninyooshea moja.

"Utachukua?"

"Ndiyo," nikasema, nikaichukua.

Alibaki amesimama, mkono ungali umenyooka, mdomo wazi, sentensi ya pili na ya tatu zimemkwama kooni kwa sababu hazikuhitajika. Akaniangalia usoni. Ndipo alipoona jinsi ninavyoogopa. Alikaa kando yangu kwa uzito, akaanza kulia, Lowell, mchana kweupe, mbele ya watu, na aiskrimu yake ikayeyuka ikamshukia hadi kwenye mkono wa shati.

Mimi niliila yangu yote. Ilikuwa tamu. Simu ilikuwa bado haijalia.