Mji Ambao Mbonea Hakuutoa

Ninalala mchana wa jua kali, chati ya nyota imenifunika kifua, na kwenye kitanda cha pili mwenzangu Mbonea amejigubika kanga mpaka kichwani akisema hataki tena kusikia habari za sayari. Mtihani wetu wa mwisho wa utangulizi wa falaki ni alasiri hii hii. Mimi siuogopi, nimesoma, naijua mbingu kama ninavyoijua njia ya kwetu Kyela. Ninayemhofia ni Mbonea, aliyeanguka jaribio la katikati ya muhula, na akianguka tena atatakiwa kurudia mwaka, naye ameshaapa kwamba harudii, atakwenda kwao Same akalime tangawizi. Nafumba macho kidogo tu, na godoro linalainika chini yangu, linakuwa vumbi, vumbi linakuwa barabara, na barabara haina mwanzo wala mwisho, nami tayari natembea.

Nyota ziko juu yangu na nyota ziko chini yangu, na kila mji ninaoupita umesimama juu ya mji mwingine uliopinduka, paa kwa paa, mnara kwa mnara, kama uliojengwa juu ya kioo. Kando yangu anatembea kiongozi mwenye joho refu, na mahali pa uso wake pamelainika kama yai. Namuuliza miji hii ni ya nani. Ananijibu kwamba ni ya walioshindwa, maana anayeshindwa kitendawili hutoa mji, na akishautoa hubaki humo kuulinda, na uso wake hufutika polepole kwa kukosa wa kumtambua. Nauliza tunaelekea wapi, anasema tunaelekea tunakotoka. Barabara inapinda, inajirudia, inapinda tena, na mbele ya lango la mji wa mwisho namwona Mbonea, kanga begani, nyusi zake hazipo. Namkimbilia, namshika mkono. Anasema, nimechoka, Sekela, niache, hapa nachagua tu mji wa kuwapa. Namwambia hatoi mji wowote.

Kitendawili, anasema kiongozi. Tega, namjibu. Majiko mawili angani, moja lina moto mwekundu na jingine lina moto wa bluu. Chai yako utaiinjika wapi ichemke upesi? Nacheka, maana hilo hata jiko la gesi linajua. Kwenye bluu, nasema. Nyota ya bluu ina joto kali kuliko nyekundu. Lango linasogea. Papo hapo mji unabadilika, mtaa wa juu watu wasio na nyuso wamevaa makoti, mtaa wa chini wanajipepea, na jua ni moja. Anatega tena, anauliza ni nani kati yao aliye karibu na jua. Najibu bila kusita kwamba wote wako dunia moja na umbali si hoja. Dunia imeinama katika safari yake, na upande ulioelekea jua ndio unaopata joto. Lango linafunguka nusu. Namvuta Mbonea tupite, lakini kiongozi ananyoosha mkono kati yetu. Nusu iliyobaki ni yake, anasema, na wewe ukifungua kinywa, mji ni wenu wote wawili.

Anamgeukia. Ni nani anayekuzunguka maisha yake yote asikuonyeshe kisogo, na je, yeye mwenyewe hugeuka?

Jibu liko mdomoni mwangu kama kaa la moto. Mbonea anatazama chini, ananitazama mimi, na naona midomo yake ikianza kufutika pembeni. Siwezi kusema, basi namtazama tu, namtazama vile ninavyomtazama anapopiga hesabu ambazo mimi huziogopa, kwa sababu hesabu zote za muhula huu ni yeye aliyenifundisha. Anavuta pumzi. Halafu anafanya kitu ambacho sikukitarajia: anaanza kumzunguka kiongozi, taratibu, uso ukimwelekea yeye muda wote, mpaka anarudi alipoanzia. Ni mwezi, anasema. Na hugeuka. Ili nisikupe kisogo imenibidi nitazame pande zote za mji huu, upande mmoja baada ya mwingine. Nimekuzunguka mara moja, na mwenyewe nimegeuka mara moja. Anasema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na nyusi zake zinarudi, na lango linafunguka lote, na nyuma ya lango kuna mwanga mweupe unaoniumiza macho.

Ni mwanga wa dirishani. Mbonea amesimama kando ya kitanda changu, ameshaoga, amebana nywele, kalamu iko mkononi. Namtazama uso kwa muda mrefu, pua, midomo, nyusi, mpaka ananiuliza nina nini. Namuuliza kama mtihani tumeshaufanya au bado. Haonekani kushangaa. Anafikiri kidogo, kana kwamba na yeye hana hakika.

Kama tumeshaufanya, anasema, basi tumefaulu. Kama bado, vaa viatu twende.

Navaa viatu. Nje barabara ya kwenda ukumbini ni ndefu kuliko ninavyoikumbuka, na Mbonea ameshatangulia, anatembea haraka, bila kugeuka nyuma.